Jenga Ndege kwa Ajili ya Atakayeikagua

Mtu akisema anajenga ndege nyumbani kwake, watu humuuliza kwanza habari za bawa. Halitakatika huko juu? Hofu hiyo inaeleweka, maana bawa ndilo linaloonekana kubeba kila kitu. Lakini takwimu zinaelekeza macho kwingine. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa uchunguzi wake kuhusu ndege zilizojengwa na watu binafsi. Ndege hizo zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege zote za kiraia nchini humo ukiondoa za mashirika ya abiria. Hata hivyo, mwaka 2011 zilihusika katika takriban asilimia 15 ya ajali za kundi hilo, na asilimia 21 ya ajali zenye vifo. Mambo yaliyojitokeza zaidi yalikuwa mawili: injini kupoteza nguvu, na rubani kushindwa kuidhibiti ndege.

Uchunguzi huohuo una habari nyingine ambayo huzungumzwa kidogo, nami naiona nzito zaidi. Zaidi ya nusu ya ndege zilizopata ajali mwaka ule hazikuwa tena mikononi mwa waliozijenga. Zilikuwa zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika, na ajali 14 zilitokea katika safari ya kwanza kabisa ya mmiliki mpya.

Nikiyasoma haya kwa pamoja, napata msimamo mmoja. Ndege ya kujijengea haipaswi kujengwa kwa ajili ya siku itakayoruka mara ya kwanza. Ijengwe kwa ajili ya atakayeikagua. Huyo ni fundi atakayelala kifudifudi chini ya dashibodi miaka minane ijayo akitafuta harufu ya petroli inatoka wapi. Ni mnunuzi wa pili. Na mara nyingi ni mjenzi mwenyewe, akiwa ameshasahau kwa nini alipitisha waya ule upande wa kushoto. Kitu ambacho mtu huyo hawezi kukiona, kukigusa wala kukiondoa bila kubomoa vingine, hakitakaguliwa, hata sheria iamuru namna gani.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni kifo cha mwanamuziki John Denver, tarehe 12 Oktoba 1997, karibu na Pacific Grove huko California. Alikuwa rubani mzoefu mwenye zaidi ya saa 2,700 angani. Ndege yake ilikuwa Long-EZ, muundo wa mbunifu wa ndege Burt Rutan, na alikuwa ameinunua muda mfupi tu kabla ya hapo kutoka kwa mtu mwingine. Katika michoro ya Rutan, vali ya kuchagua tangi la mafuta huwekwa mbele, katikati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga ndege ile aliamua kuihamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani. Mpini wake haukuwa na alama, na vipimo vya kuonyesha kiasi cha mafuta navyo havikuwa na alama tena vilikuwa nyuma ya kiti chake. Ili kuufikia mpini, rubani alilazimika kujipinda mwili, na wachunguzi waliona kwamba mtu akijipinda hivyo, mguu wa kulia hukandamiza pedali ya usukani. NTSB iliamua kuwa Denver alipoteza udhibiti alipokuwa akihangaika na mpini huo, na kwamba kuondoka bila kujaza mafuta na kutoizoea ndege vya kutosha vilichangia.

Katika kisa hiki kinachonigusa zaidi ni sababu ya mjenzi. Hakutaka mabomba ya mafuta yapite ndani ya chumba cha rubani. Ni nia njema, hata ya busara. Aliiondoa hatari moja aliyoiona, akaleta nyingine ambayo yeye mwenyewe pengine asingepambana nayo kamwe, kwa sababu alijua mpini uko wapi na unazunguka vipi. Aliijengea ndege kumbukumbu yake mwenyewe, na kumbukumbu haikuuzwa pamoja na ndege.

Kwa hiyo nawapinga wanaosema kwamba uhuru wa kubadilisha michoro ndio utamu wa kujenga ndege. Uhuru huo upo, na sheria za nchi nyingi zinauruhusu kwa kiasi. Lakini historia ina onyo la zamani. Miaka ya 1930 Mfaransa Henri Mignet alibuni kindege kidogo, HM.14, ambacho watu wa kawaida wangeweza kukijenga kwa mbao na kitambaa. Mamia ya watu Ulaya walikijenga. Kisha ajali zikaanza, za aina moja: ndege inainamisha pua na hainyanyuki tena. Kufikia mwaka 1936 majaribio ya handaki la upepo, ambamo ndege hupulizwa upepo ikiwa imesimama, Ufaransa na Uingereza, yalionyesha kwamba mabawa yake mawili yaliyokaribiana yaliathiriana, kiasi kwamba ndege ikiinama kupita pembe fulani hakuna namna ya kuitoa humo. Hakuna mkaguzi ambaye angeliona tatizo hilo kwa tochi, maana kila gundi ilikuwa imeshika na kila skrubu ilikuwa mahali pake. Wapo wajenzi waliofanya kazi safi kabisa wakafa kwa kosa lililokuwa ndani ya mchoro. Ndiyo maana nasema chagua muundo ambao umesharuka miaka mingi mikononi mwa watu wengi, kisha uuheshimu. Ubunifu wako uuelekeze kwenye kuifanya ndege ikagulike.

Tuje karakanani. Kwenye ndege ya bati la alumini, kazi kubwa ni ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyogongwa kushikanisha mabati, maelfu kwa maelfu. Kanuni zake ni rahisi kuzisema: ribiti ikishagongwa, kichwa kinachoundwa upande wa pili kiwe na upana wa mara 1.5 ya kipenyo cha ribiti, na kimo cha nusu ya kipenyo. Anayeanza hupima kila kimoja, akikuta kilichopinda kidogo anakitoboa kukitoa. Mara nyingi hapo ndipo anapoharibu. Kutoboa kunapanua tundu, ribiti ya pili inashika vibaya kuliko ya kwanza, na bamba linaloizunguka linachubuka. Fundi aliyekomaa anajua ipi ya kuiacha. Ujuzi huo haupatikani kwenye michoro. Unapatikana kwa kukaa na mtu aliyetangulia, na ndiyo faida kubwa ya vyama vya wajenzi kama EAA, kilichoanzishwa na Paul Poberezny huko Milwaukee mwaka 1953. Kina washauri wa kujitolea wanaomtembelea mjenzi na kuitazama kazi ingali wazi.

Neno muhimu hapo ni “wazi”. Bawa likishafungwa kwa bamba la mwisho, nusu ya kazi yako imezikwa. Kwenye ndege ya mbao hali ni kali zaidi, kwa sababu kiungo cha gundi kikikauka hakionyeshi kwa nje kama kilishika au la. Ulinzi uliopo ni wa kitabia: kila unapochanganya gundi, unganisha vipande viwili vya mbao ileile, viandike tarehe, kisha uvivunje. Mbao ikipasuka kabla ya mstari wa gundi, mchanganyiko ule ulikuwa mzuri. Ukiachana mstari wa gundi, unajua ni kiungo gani cha kurudia kabla hujakifunika. Wanaojenga kwa nyuzi za kioo na epoksi wanaweza kufanya vivyo hivyo. Ni kazi ya dakika chache, na bado wengi wanaiacha mara tu mikono inapozoea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ndege iliyofungwa bila ushahidi wa kilichomo ndani imefichiwa maradhi yake hata kama aliyeifunga hakukusudia.

Uingereza wamelielewa hili kuliko Marekani. Chini ya LAA, chama cha ndege nyepesi cha huko, mjenzi anakuwa na mkaguzi anayepita hatua kwa hatua na kuidhinisha sehemu kabla haijafungwa. Marekani ukaguzi rasmi wa serikali kwa kawaida huja mwishoni, ndege ikiwa imekamilika, na swali mojawapo kubwa linaloulizwa ni kama mtu alijenga mwenyewe zaidi ya nusu, ile inayoitwa kanuni ya asilimia 51. Ni swali la nani alifanya kazi. Halisemi lolote kuhusu kama kazi hiyo inaweza kuonekana tena. Naelewa kwamba kanuni iliwekwa kulinda maana ya kujenga kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, ili viwanda visijifiche nyuma ya watu binafsi. Lakini ukinipa nafasi ya kuchagua, ningechukua utaratibu wa Waingereza, pamoja na usumbufu wake wa kumsubiri mkaguzi wakati mtu ana hamu ya kuendelea.

Sasa mafuta. Hapa nataka kukaa, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi zinaponyimwa haki yake na kulaumiwa bure. Injini ya ndege ndogo yenyewe ni mashine ngumu kuua. Inazimika kwa sababu ya kile mjenzi alichokiweka kati ya tangi na kabureta.

Kipimo cha kwanza ni mtiririko. Kanuni ya muda mrefu ya ndege ndogo ni kwamba mfumo unaoshusha mafuta kwa uzito wake tu uweze kutoa asilimia 150 ya kiasi ambacho injini inahitaji wakati wa kupaa, na mfumo wa pampu asilimia 125. Kwa maana hiyo, injini inayokunywa lita 30 kwa saa ikiwa na nguvu zote inataka bomba linaloweza kupitisha lita 45 kwa saa bila pampu. Na kipimo hakifanywi ndege ikiwa imelala sawasawa sakafuni. Pua lazima iinuliwe hadi pembe kali zaidi ya kupaa na kidogo zaidi ya hapo, tangi likiwa na mafuta machache, maana wakati huo ndipo mafuta yanakuwa na mteremko mdogo kuliko wakati wowote. Mjenzi anachimba shimo la gurudumu la nyuma, au anainua pua kwa magogo, anafungua bomba kwenye kabureta, anakinga mafuta ndani ya chombo chenye alama na kutazama saa. Ni jaribio lisilohitaji kifaa chochote cha pekee. NTSB yenyewe katika uchunguzi ule ilitaka majaribio ya mfumo wa mafuta yafanywe na kuandikwa kabla ndege haijaruhusiwa kuruka. Kuandikwa ndiko kunakomfaa mnunuzi wa pili, maana atakuwa na namba ya kulinganisha siku injini itakapoanza kukohoa.

Kipimo cha pili ni uchafu. Tangi jipya lina vumbi la alumini, vipande vya gundi ya kuzibia, nyuzi za kitambaa cha kusafishia. Vyote hivyo huteremka katika saa za mwanzo, yaani wakati ndege iko chini na rubani bado anajifunza tabia zake. Filta ifunguliwe baada ya kila uwashaji wa mwanzo, na hapa msimamo wangu unarudi: kama filta imewekwa mahali ambapo kuifungua kunahitaji kutoa vifuniko vitatu na kujipinda, itafunguliwa mara moja tu, na mara ya pili mtu atajiambia kwamba ya kwanza ilikuwa safi. Ikiwa mbele, chini, mkono unaifikia, itafunguliwa kila inapotakiwa. Usalama wa miezi ya kwanza unaweza kuamuliwa na sentimita chache za mahali pa filta.

Halafu kuna joto. Bomba la mafuta likipita karibu na ekzosi, mafuta yanaweza kugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye pampu, na pampu inayovuta mvuke haina kazi. Tundu la hewa la tangi nalo huzibwa na wadudu ndege ikikaa. Petroli ya magari yenye ethanoli inaweza kushambulia baadhi ya gundi za kuzibia matangi na baadhi ya aina za epoksi, kwa hiyo aliyejenga aandike palepale kwenye mdomo wa tangi ni mafuta gani yanaruhusiwa na yapi hapana.

Wengi hudhani ndege inachakaa kwa kuruka. Ukweli ni kwamba nyingi za kujijengea zinachakaa kwa kukaa. Kwenye injini za Lycoming, ambazo ni maarufu sana kwa wajenzi, kamshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu ya krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Injini ikizimwa, oili inachuruzika kutoka kwenye kamshafti, na ikikaa wiki nyingi unyevu unaanza kuota kutu juu ya chuma kilichosafishwa kwa vipimo vidogo sana. Mwenye ndege akiona huruma anaiwasha dakika kumi na kuizima. Hilo ni kosa kubwa, na kampuni yenyewe imelikataza kwa maandishi: kuwasha ardhini hakuifikishi oili kwenye joto la kutosha kuchemsha maji yaliyomo, bali kunaongeza unyevu mwingine unaotokana na kuungua kwa mafuta. Ama iruke kikamilifu, ama ihifadhiwe kwa utaratibu wa kuhifadhi injini. Ndiyo sababu ratiba ya kubadili oili haihesabu saa 50 peke yake. Inahesabu pia miezi minne, kutegemea kipi kinatangulia. Rotax nao, watengenezaji wengine wa injini, kwenye injini zao za 912, wanataka mipira na mabomba ya mpira yabadilishwe kila miaka mitano hata kama ndege haikuondoka karakanani. Muda unakula mpira bila kusubiri saa za kuruka.

Filta ya oili ikitolewa, ikatwe na karatasi yake ikunjuliwe. Chembe za chuma zinazong'aa humo ni habari ambazo injini inakupa mapema kuliko geji yoyote, na anayeitupa filta bila kuikata ametupa barua bila kuisoma.

Nati na bolti navyo lazima vitazamike. Hili nalo linaamuliwa siku ya kujenga. Nati yenye plastiki ya kujifunga haifai mahali ambapo bolti inazunguka, wala kwenye joto linalopita nyuzi 121. Mahali pa kuzunguka panataka nati yenye meno na kotapini, ile pini inayopenyezwa na kukunjwa ili nati isifunguke. Mstari wa rangi uliopakwa kuvuka nati na bolti unamwonyesha mkaguzi kwa jicho moja kama kimesogea. Waya za kuongozea zipitishwe kwenye roda zinazoweza kufikiwa kwa mkono, kwa sababu njia ya zamani ya kuzikagua bado ndiyo bora: chukua kitambaa, upangusie waya wote hadi kwenye roda. Uzi mmoja uliokatika utakinasa kitambaa kabla jicho halijauona. Kwenye roda iliyofichwa nyuma ya kiti kilichogongewa ribiti, hakuna kitambaa kitakachofika.

Na rangi. Watu wanaipenda rangi, nami siwalaumu, baada ya miaka ya kutazama bati tupu. Lakini rangi ni uzito, na ikiwekwa nyingi mkiani inasogeza kitovu cha uzito nyuma, ndege inakuwa nyepesi kwa mkono kwa namna isiyofaa. Mbaya zaidi ni rangi kwenye vibawa vya kuongozea. Hivyo husawazishwa kwa uzito mbele ya bawaba zake ili visianze kupapatika kwa mwendo mkubwa, mtetemo unaoweza kuing'oa sehemu ya mkia kwa sekunde chache. Koti la pili la rangi, au kuziba kasoro kwa dongo la kulainisha, kunaharibu usawazisho huo. Kipimo cha usawazisho kifanyike baada ya rangi, si kabla, na namba iandikwe ili atakayepaka upya miaka kumi baadaye awe na cha kulinganisha.

Najua wanaonipinga watasema milango ya ukaguzi, yaani vifuniko vidogo vya kufungua ili kutazama ndani, inaongeza uzito, inavunja ulaini wa ngozi ya ndege, na inaongeza kazi kwa mtu ambaye tayari ana mwaka au miaka ya jioni na wikendi mbele yake. Uzito upo, ni wa gramu kadhaa kwa kila mlango. Kazi ipo pia. Lakini yuleyule anayehesabu gramu za mlango huongeza redio ya pili, zulia na taa za mapambo. Na muundo mzuri haudai milango mingi: unadai vitu vinavyohitaji kuguswa vikusanywe mahali pamoja, ili mlango mmoja uonyeshe vali, kiungo cha waya na tundu la kutolea maji kwa pamoja. Hapo ndipo ubunifu wa mjenzi una nafasi halali.

Kuna pengo la kisheria ambalo halijadiliwi vya kutosha. Marekani, aliyejenga anaweza kupewa cheti cha kuifanyia ndege yake ukaguzi wa kila miezi 12. Cheti hicho ni cha ndege hiyo moja na cha mtu huyo mmoja. Akiuza, mnunuzi hakirithi. Ukaguzi wa mwaka utamtaka mtu mwenye cheti kinachokubalika. Kazi nyingine zote za matengenezo, hata hivyo, mnunuzi anaruhusiwa kuzifanya mwenyewe, akiwa hana hata dalili ya kwa nini vitu vilipangwa vilivyopangwa. Yaani sheria inatambua kwamba ujuzi wa mjenzi ni wa pekee, kisha haimlazimishi kuuacha popote. Mwaka 2014 mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, ilifungua mlango wa rubani wa pili mwenye uzoefu kuruka pamoja na mjenzi katika saa za majaribio, ambazo kwa kawaida ni 25 au 40. Ni hatua nzuri kwa safari za mwanzo za mjenzi. Mmiliki wa pili bado anaachwa na funguo na karatasi za mauzo.

Dawa ninayoipendekeza ni kitabu. Sizungumzii albamu ya picha za ujenzi, ingawa picha nazo zina kazi yake. Nazungumzia kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo moja, kilichoandikwa na aliyeijenga wakati anajenga: vali ilipo na inazungukaje, kila kiungo kimekazwa kwa nguvu gani, waya wa rangi gani unakwenda wapi, mtiririko wa mafuta uliopimwa, uzito na kitovu chake kabla na baada ya rangi, kila mahali alipoacha michoro na sababu yake. Mjenzi wa Long-EZ ile angelazimika kuandika mstari mmoja: “Nimehamisha vali ya mafuta nyuma ya bega la kushoto.” Naamini mtu akiuona mstari kama huo kwa mwandiko wake, na kuufikiria mkono wa mtu mwingine ukiutafuta mpini huo angani, ana nafasi kubwa ya kuirudisha vali mahali pake kabla bati halijafungwa.

Kwa anayenunua, ushauri wangu ni wa moja kwa moja. Kabla ya kuuliza mwendo wake na unywaji wake wa mafuta, mwombe muuzaji afungue vifuniko vyote mbele yako na uhesabu ni vitu vingapi bado huwezi kuvifikia. Omba kitabu. Kisha kaa kwenye kiti cha rubani, funga mkanda mpaka mwisho, fumba macho, na ujaribu kuifikia vali ya mafuta bila kusogeza miguu kwenye pedali.